Wifi Yangu, Mwalimu wa Uwanja wa Ndege

Wifi yangu Guo Meizhi hakuwa amepanda ndege hata siku moja, na katika mji wetu mzima wa Qingtian hapakuwa na mtu aliyeujua uwanja wa ndege kumshinda. Kwa miaka kumi na moja alifundisha wazee namna ya kuupita. Alikodi chumba juu ya duka la misumari na rangi, mkabala na mkahawa wangu, na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi niliwaona wakipanda ngazi na pasipoti zao shingoni, wengine wanakokota masanduku matupu ya kufanyia mazoezi.

Huku kwetu kila nyumba ina mtu Uhispania au Italia. Vijana wanakwenda, wanafungua mgahawa au duka, wanazaa, kisha wanapiga simu: mama, njoo utulelee. Na mama anakwenda. Asiyekwenda atasemwa sokoni mpaka aone haya kununua vitunguu. Sasa mama huyo hajui lango la kupandia ndege ni nini, hajui kwa nini anavuliwa mkanda mbele ya watu, na chupa yake ya chai yuko radhi aipiganie na askari. Hapo ndipo wifi alipoingia.

Darasa lake ungeliona ungecheka. Mlango wa kukagulia watu ulikuwa fremu ya mbao aliyoiokota kwenye nyumba iliyobomolewa, kaifunga kengele ya baiskeli. Trei aliziomba kwa mwoka mikate. Kile kifaa cha kumpitishia mtu mwilini kilikuwa raketi ya kuchezea mpira wa vinyoya. Mzee akipita na funguo mfukoni, wifi anaipiga kengele.

"Rudi nyuma, babu. Una chuma."

"Chuma gani? Ni meno yangu hayo."

"Meno hayalii. Toa funguo."

Alikuwa mkali, tena mkali kweli. Maji unywe yote kabla ya kuufikia mstari. Betri ya ziada ya simu isikae kwenye sanduku, ikae kwenye begi la mkononi na maandishi yake yasomeke. Kiberiti cha gesi ukiache nyumbani na usibishane. Nyama ya chumvi usibebe kabisa, utanyang'anywa ukifika. Samaki mkavu, wa wale tunaowafuga ndani ya maji ya mashamba ya mpunga, mfunge kwenye mfuko usioingiza hewa. Sanamu za mawe zinazochongwa hapa kwetu ziende sandukuni, maana jiwe zito kwenye begi la mkononi huwashtua wanaotazama mashine. Mwisho anawagawia kadi: ya kijani umepotea, ya njano unatafuta choo, nyekundu unaumwa. Maneno ya Kihispania kwenye kadi hizo niliyaandika mimi, kwa sababu nilikaa Zaragoza miaka kumi na tisa nikiosha vyombo kabla sijarudi kufungua mkahawa.

Hakuanza hivyo maishani. Kutoka umri wa miaka kumi na minne hadi hamsini alikuwa akisugua mawe. Kaka yangu alichonga sanamu, yeye akasugua kwa msasa na maji, mikono ndani ya beseni masika na kipupwe, mpaka jiwe lingʼae. Wanawake wa mawe ndivyo walivyo, ncha za vidole vyao ni laini kama za mtoto mchanga, na mashine za kusoma alama za vidole zinawachukia. Kaka alipofariki, wifi alimsindikiza jirani mmoja uwanja wa ndege. Jirani alibabaika kwenye ukaguzi, akalia, ndege ikamwacha. Wifi alirudi kule wiki iliyofuata na daftari, akasimama kwenye kizuizi kuanzia asubuhi hadi jioni akiandika kila alichokiona watu wakifanyiwa. Hivyo ndivyo alivyopata ualimu.

Alipenda kusema, na alilisema mbele ya yeyote, "Katika watu wangu hajarudishwa hata mmoja."

Mwaka jana mwanawe Zhengkai akapata mtoto wa pili. Ana mgahawa Valencia, mkewe anakaa kaunta, yeye yuko jikoni. Akampigia simu mama yake. Nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea kahawa.

"Mama, mwaka mmoja tu," alisema.

Huku kwetu kila mtu anajua maana ya mwaka mmoja. Ni mpaka mtoto aanze shule, halafu mpaka azoee shule, halafu mpaka azaliwe mwingine. Wifi aliniangalia, akaiangalia simu.

"Ngoja nivune samaki," akasema.

Hakukataa. Mama wa Qingtian hakatai, anasema ngoja. Alivuna samaki wake shambani. Kisha jino likamuuma. Kisha kulikuwa na wanafunzi ambao hawajamaliza masomo. Zhengkai hakugomba hata mara moja, ana adabu yule mtoto, na adabu yake ndiyo iliyonitia hofu. Alishughulikia karatasi zote akiwa kule kule. Viza ikatoka, ya kuingilia ndani ya siku tisini, kibali cha kukaa angekipata akishafika. Akampigia mwenye chumba akavunja mkataba wa darasa. Fremu ya mlango ikashushwa ngazi, ikaegemezwa nje ya duka la misumari mpaka mvua ikaivimbisha. Nyumba akampangisha binamu yake. Yote hayo kwa simu, kwa upole, na kila mara anamaliza na, "Mama usijisumbue."

Kisha akanigeukia mimi.

"Shangazi, wewe si unakuja mwezi wa kumi na moja kununua kahawa? Njoo na mama."

"Kwani mama yako ni mzigo?"

"Shangazi, unanielewa. Anazidi kuchelewesha. Ukiwa naye atapanda."

Nilimwelewa. Nilimwelewa vizuri sana, na nikakubali, maana ni mtoto wa kaka yangu, na maana anayekataa kumsaidia mtoto wa kaka yake naye husemwa sokoni. Kinachomngoja wifi kule nilikijua. Ni nyumba ya ghorofa ya nne yenye mapazia yaliyofungwa, mtoto mgongoni, televisheni inayobwabwaja usichokielewa, na mwana anayerudi amechoka, ananuka mafuta, anauliza umekula kisha analala. Nilishawaona wanawake hao wakiwa wamesimama dirishani. Sikumwambia. Nilijiambia hayanihusu, na huo ulikuwa uongo.

Tiketi ilikuja kwenye simu yangu siku tano kabla ya viza kuisha. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaisoma kwa kidole kama alivyozoea kuwafundisha wenzake.

"Ya kurudi iko wapi?"

"Atakukatia huko huko."

"Mimi huwaambia watu waulize hilo kabla ya jambo lolote," akasema. "Nawaambia, usiuze kuku wako kabla hujaona ya kurudi."

"Basi muulize mwanao."

Hakumuuliza. Aliwagawa kuku wake jioni ile ile.

Tuliondoka Qingtian alfajiri kwa gari la kukodi, ndege ilikuwa ya saa saba mchana. Ilikuwa ndege ya mwisho kwake, kwa maana hii: viza ilikuwa inaisha kesho yake, na ndege nyingine ya kwenda huko haikuwapo mpaka baada ya siku tatu. Akiikosa ile, kila karatasi inaanza upya, na Zhengkai alishasema hawezi kungoja tena, atatafuta mlezi wa kulipwa hapo hapo Valencia. Hayo yote wifi aliyajua kama nilivyoyajua mimi. Sikuyaweka pamoja kichwani, ndiyo tofauti yetu.

Aliomba gari lisimame akajisaidie. Lilisimama. Baada ya nusu saa akaomba tena. Mara ya tatu akashuka akanunua mayai ya kuchemsha, akakaa kwenye benchi kuyamenya moja moja wakati mimi na dereva tunamtazama.

"Wifi, wewe ndiye unayewafundisha watu wafike saa tatu kabla ya ndege kuondoka," nikamwambia.

"Ndiyo, mimi," akasema, akanipa yai.

Tuliporudi barabarani akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Unamkumbuka Liu Baosheng?"

Nilimkumbuka. Fundi seremala, mzee mrefu, alikuwa anakwenda kwa mwanawe Italia.

"Kila somo alitia kisu kwenye begi la mkononi," wifi akasema. "Somo la kwanza, kisu. Somo la sita, kisu. Nilimzomea mbele ya wenzake. Nilimwita kichwa maji."

"Wazee husahau."

"Yule? Msumari mmoja ukipungua kwenye boksi lake alikuwa anajua. Siku ya safari nilikwenda kwake asubuhi, nikampekua begi kwa mkono wangu, nikakuta kisu, nikakitoa. Nikamshika mkono nikamwingiza garini. Nilirudi nyumbani nimefurahi."

"Sasa yuko Italia?"

"Amerudi mwezi wa tano. Mwanawe kamleta kwenye kopo la majivu."

Dereva akaongeza sauti ya redio kidogo.

"Yule bibi aliyekuwa anang'ang'ania chupa ya chai," wifi akaendelea. "Na yule aliyepoteza pasipoti mara mbili, mara zote mbili nikaitafuta mimi, nikaikuta kwenye pipa la mchele. Unafikiri ilijipeleka kwenye pipa la mchele?"

"Wifi, usianze mambo hayo leo."

"Nilikuwa najivunia, Haiqin. Hajarudishwa hata mmoja."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia yeye, mwanamke wa miaka sitini na minne anayeniharibia safari kwa maneno wakati kila kitu kimeshapangwa na hakuna tena la kufanya. Ningeweza kumwambia dereva ageuze gari. Nilimwambia akanyage mafuta.

Tulifika dawati la mizigo likikaribia kufungwa. Mwanamke wa pale alitazama saa, akatazama tiketi zetu, akayavuta masanduku.

"Mmechelewa sana," akasema. "Kimbieni. Msisimame popote."

Nilimshika wifi mkono tukakimbia. Mkono wake ulikuwa mzito, nikawa namvuta. Mbele ya ukaguzi wa pasipoti palikuwa na mistari ya watu na ile milango ya vioo ya mashine. Unaweka pasipoti, kioo cha kwanza kinafunguka, unaingia, kinajifunga nyuma yako. Halafu unaweka kidole, kamera inakutazama, na kioo cha mbele kinafunguka. Nikamtanguliza yeye, nikasimama nyuma ya mstari wa njano.

Aliweka pasipoti. Kioo kikafunguka, akaingia, kikajifunga. Akaweka kidole.

Taa nyekundu. Sauti ya mashine ikamwomba aweke kidole upya. Akaweka. Nyekundu tena.

Pale alipokuwa hapakuwa na nafasi ya kugeuka na begi. Kioo mbele, kioo nyuma, na yeye katikati na koti lake la buluu alilolishona mwenyewe. Nilifikiri atababaika. Wifi hakubabaika. Nilimwona akishusha pumzi, mabega yakalegea, akasimama wima ametulia, kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Mwanamume mmoja mwenye begi jeusi akasema wazee wanapaswa kupelekwa pembeni.

Askari wa kike akaja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Mama, jaribu mara moja tena. Ikikataa nitakutoa uende dawati lile pale, wakuhakiki kwa mkono."

Nilitazama dawati lile. Palikuwa na foleni ya kundi zima la watalii, wamekaa juu ya mabegi yao. Saa nzima ile, au zaidi. Ndege yetu ilikuwa inaondoka baada ya dakika hamsini.

"Inachukua muda?" wifi akamuuliza.

"Leo ndiyo, mama. Ndege yako saa ngapi?"

"Bado bado," wifi akasema.

Mashine ikamwomba kidole. Akaweka kile kile, kikavu, akakigusisha kidogo tu, kama anayepima joto la pasi.

Na mimi nikaona anakosea. Miaka kumi na moja nimemsikia kupitia dirishani akiwafundisha watu wa mawe jambo hili, nikilisikia huku nasaga kahawa, mpaka nalijua kama jina langu. Ndege ilikuwa inatuacha. Nilikuwa nimekimbia, sikufikiri lolote. Nikapaza sauti, ukumbi mzima ukasikia.

"Wifi, kipulizie! Kipake jasho la paji la uso, halafu kandamiza, hesabu mpaka tatu!"

Askari akanigeukia, akatabasamu.

"Kumbe kuna mjuzi hapa," akasema. "Haya mama, fanya anavyokwambia mwenzako. Kipake, kipulizie. Mimi nahesabu."

Wifi alinitazama kupitia kioo. Ndipo nilipoelewa. Hakuwa amesahau, yeye ndiye aliyeivumbua hila ile. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu mdomoni na hayakurudi. Nilitaka kumwambia yule askari kwamba mama yule hataki, kwamba anajificha mle ndani, mahali pekee alipopata kujificha tangu mwanawe apige simu. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu yule wa begi jeusi akasema, "Hatimaye," na mimi nikaufunga mdomo wangu.

Askari alikuwa amesimama karibu, anamngoja kwa wema wote. Wifi akainua mkono, akakipitisha kidole kwenye paji la uso. Akakipulizia. Akakandamiza.

"Moja," askari akasema. "Mbili. Tatu."

Kijani. Kioo cha mbele kikafunguka. Cha nyuma hakifunguki tena ukishafika hapo, kimetengenezwa hivyo.

Mimi nilipita mlango wangu kwa jaribio la kwanza. Nilimkuta ananisubiri kwenye ukaguzi wa mizigo, ameshapanga foleni. Nikasema, "Wifi." Alikuwa anafanya kazi. Koti alishalivua na kulikunja. Simu na betri ziko kwenye trei, maandishi yametazama juu. Chupa imeshamwagwa na mfuniko umefunguliwa ili waone ni tupu. Mkanda, saa, funguo, kila kimoja mahali pake. Alipoitwa alipita katikati ya fremu bila kuigusa, akapanda kwenye kijukwaa, akanyanyua mikono kabla hajaambiwa, akageuka kabla hajaambiwa. Hakuna kilicholia.

"Mama amezoea kusafiri," msichana wa ukaguzi akamwambia mwenzake. "Laiti wote wangekuwa hivi."

Mimi walinikamata na kiberiti cha gesi mfukoni. Wakati wananipekua nilimwona wifi akivaa koti lake, kifungo kimoja kimoja, kisha akaisogeza trei tupu mahali pake ili isimzuie mtu mwingine.

Tulipofika langoni watu walikuwa wameanza kuingia. Simu yangu ikaita. Zhengkai, na huko kwao kulikuwa bado alfajiri, hakuwa amelala.

"Shangazi, mama ameshapita?"

Wifi alikuwa hatua moja mbele yangu kwenye foleni, pasipoti mkononi, imefunguliwa ukurasa wenye picha. Alisikia. Hakugeuka.

"Amepita," nikasema.

"Bila shida?"

Yule wa langoni akanyoosha mkono. Wifi akampa pasipoti yake.

"Bila shida yoyote," nikamwambia mwanawe.